Lori Ndani ya Kompyuta

Kornel alikatwa mguu wa kulia chini ya goti, na tangu siku hiyo hakuna kitu kilichomchekesha tena. Kabla ya ajali alikuwa dereva wa malori, mtu wa barabara ya Tunduma na ya Kasanga, anayerudi nyumbani Izia, mjini Sumbawanga, na akiwa bado mlangoni tayari ameshaanza kusimulia nani amekwama Laela na nani kaoa tena Matai. Aliporudi kutoka hospitali alirudi na magongo na ukimya. Alikuwa analala akiutazama ukuta. Mkewe, Josefina, fundi cherehani, alishona sare za shule barazani na kila mara alisimamisha mashine kusikiliza kama kuna sauti yoyote ndani. Hakukuwa na sauti.

Kompyuta ililetwa na Wilibrodi, kaka yake Kornel anayeishi Mbeya. Ilikuwa laptop kuukuu, kona moja imepasuka, lakini ndani yake kulikuwa na gemu ya malori. Unachagua lori lako, unapewa mzigo, unaendesha kwenye barabara za Ulaya, mvua inanyesha, theluji inaanguka, unaweka mafuta, unalala kwenye maegesho. Kornel alishika pedi ya gemu kwa mikono miwili na jioni ile hakulala mapema. Josefina alimwona anainamisha bega kwenye kona kama mtu aliyeko barabarani kweli. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo na akarudi kwenye sare zake.

Lakini kompyuta ilikuwa imechoka. Ikawa inawaka taratibu mno hadi Josefina akawa anasema maharage yataiva kabla yake. Halafu ikaingiwa na virusi, ikagoma kabisa. Ndipo mtu mmoja akamwelekeza Kornel kwa binti wa steshenari karibu na soko, Faith, aliyesoma kompyuta Mbeya na kurudi Sumbawanga kuchapa barua za watu na kutoa fotokopi.

Faith alikuja Jumamosi, begi mgongoni, sweta limefungwa kiunoni ingawa upepo wa Juni ulikuwa unapenya mifupa.

"Shikamoo mama Evans," alimsalimia Josefina barazani. Evans ndiye mtoto wao wa pekee, alikuwa bwenini, kidato cha pili.

"Marahaba. Karibu ndani, mgonjwa wako yuko mezani."

Wote wawili walicheka, na huo ndio uliokuwa mwisho wa Josefina kucheka na Faith kwa kipindi kirefu.

Faith aliikagua kompyuta, akatikisa kichwa. Alimweleza Kornel kwamba Windows iliyomo imeharibika na mashine yenyewe haina nguvu ya kubeba mpya. Angeweza kuweka Linux, mfumo mwingine ambao ni mwepesi na hauna gharama.

"Na lori langu?" Kornel aliuliza.

"Gemu ile imetengenezwa kwa ajili ya Windows."

Josefina, kutoka barazani, alisikia ukimya uleule wa zamani unarudi. Kisha akamsikia Faith anasema haraka, "Usikate tamaa baba Evans. Kuna namna. Tutaweka Waini."

Mashine ya cherehani ilisimama yenyewe chini ya miguu ya Josefina.

"Bila Waini haiendi popote," Faith aliendelea. "Na kila gemu ntaiwekea chupa yake, zisichanganyikane."

Jioni, Faith alipokwisha kuondoka, Josefina aliinama kumwekea mumewe chakula na akavuta pumzi karibu na mdomo wake. Hakusikia harufu. Akatazama chini ya meza. Akatazama nyuma ya kochi.

"Unatafuta nini?"

"Mlikuwa mnakunywa nini na yule msichana?"

Kornel alimtazama kwa muda, kisha akaangua kicheko. Alicheka hadi akashika kisiki cha mguu wake. Waini, alieleza alipopata pumzi, ni programu, na chupa ni chumba cha kila gemu ndani yake. Gemu inaongea lugha ya Windows na Linux haiielewi, kwa hiyo Waini inakaa katikati. "Faith anasema ni kama bibi anayejua Kifipa tu anapokwenda kwa daktari asiyejua Kifipa. Mjukuu anakaa katikati. Bibi akisema hivi, mjukuu anageuza. Bibi hajui hata kama daktari hajamwelewa."

Josefina alicheka pia, kwa kuwa alikuwa ameililia sauti ile ya mumewe kwa miezi. Lakini kesho yake alimsikia Kornel kwenye simu: "Faith, hujasikia! Mama Evans jana alikuwa anatafuta chupa chini ya kochi!" Akacheka tena, zaidi ya jana, na upande wa pili Faith naye alikuwa anacheka. Josefina alikaa na sindano mkononi na uso ukamchoma. Kicheko kilikuwa kimerudi ndani ya nyumba yake, na yeye ndiye aliyekuwa anachekwa.

Kuanzia hapo Faith alikuja kila Jumamosi. Mara sauti ya injini haitoki. Mara pedi haitambuliwi. Mara theluji inaonekana kama mistari ya zambarau. Kila tatizo lilipotatuliwa lilizaliwa jingine, na Josefina akaanza kuamini kwamba wawili wale walikuwa wanayazaa kwa makusudi. Alimsikia Faith anavyomwita mumewe. Mwanzoni ilikuwa baba Evans. Baadaye ikawa kaka Kornel. Halafu ikawa dereva. "Dereva, kanyaga taratibu hapo." Na Kornel naye: "Fundi wangu, angalia hii."

Fundi wangu. Josefina alikuwa fundi kwa miaka mingi na hakuna siku aliyoitwa hivyo.

Siku moja alikaanga samaki, migebuka. Kornel alichukua kipande kikubwa, chenye mgongo mnene, akakisogeza kwenye sahani ya Faith bila hata kuacha kuongea habari za gia. Ni kitu kidogo. Josefina alijiambia ni kitu kidogo wakati anaosha vyombo, na alikisugua kikaango mpaka mkono ukauma. Alianza kuvaa gauni lake la kitenge Jumamosi. Alianza kupita sebuleni bila sababu, akichukua mkasi, akirudisha mkasi. Aliangalia mikono ya Faith juu ya kibodi, vidole virefu visivyo na alama hata moja ya sindano, na aliichukia.

Hakuwaona wakigusana. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Angewaona wanagusana angejua la kufanya.

Jumamosi moja ya Julai alikuwa analeta chai. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kidogo. Ndani, Kornel alikuwa anashusha lori kwenye mlima wenye kona nyingi, macho kwenye kioo, na alikuwa anaongea kwa sauti ya chini ambayo Josefina hakuwahi kuisikia.

"Breki zilipokataa nilijua. Ule mteremko wa Kasanga unaujua, hauna huruma. Abeli akaniuliza, 'Bosi, turuke?' Nikamwambia akae. Nilidhani nitalibana lori kwenye ukingo wa mlima. Alikaa kwa sababu mimi nilimwambia akae."

Faith aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Na mimi nilikojoa, Faith. Mtu mzima. Kabla hata hatujagonga. Nilikojoa na nilikuwa nalia kama mtoto, na Abeli ananitazama. Hicho ndicho kitu cha mwisho alichokiona, bosi wake analia."

"Pole sana," Faith alisema. "Pole, dereva."

Josefina alirudi jikoni na sinia. Aliliweka chini polepole ili vikombe visilie. Abeli, tingo wa Kornel, alikufa palepale. Hilo kila mtu alilijua, na Josefina mwenyewe alikuwa amekwenda msibani. Lakini alikuwa amemuuliza mumewe ilivyokuwa. Alimuuliza wodini, alimuuliza nyumbani, alimuuliza kwa upole na mara moja kwa hasira. Kila mara alijibiwa neno lilelile: "Breki." Na sasa msichana wa steshenari, ambaye hakuwahi kumbadilisha bandeji hata moja, alikuwa amepewa habari yote pamoja na chai ambayo yeye Josefina ndiye aliyeichemsha.

Alimsubiri Faith getini.

"Mdogo wangu, kazi ya kompyuta imekwisha."

"Bado kidogo mama Evans, kuna lile tatizo la—"

"Imekwisha. Usije tena hapa. Na akikupigia simu usipokee."

Faith alimtazama, akashika kamba za begi lake. "Yeye anajua?"

"Mimi ndiye nakuambia."

"Sawa mama," Faith alisema. Alivaa sweta lake na akaondoka bila kugeuka.

Jumamosi iliyofuata Kornel alikaa akitazama barabara kupitia dirishani. "Faith haji leo?"

"Ana shughuli zake."

Alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga tena siku nyingine. Alijaribu kucheza peke yake na ilikwenda vizuri kwa muda, mpaka kompyuta ilipomuuliza kama anataka kusasisha kila kitu na yeye akakubali. Baada ya hapo gemu ikifunguliwa ilitoa mlio wa injini tu, na kioo kikabaki cheusi. Alizima, akawasha. Cheusi. Alikaa pale akisikiliza injini ya lori asiloliona.

Josefina alifurahi. Alisimama mlangoni, akaona kioo kile cheusi, na furaha ikampanda mwilini kama uji wa moto. Binti huyo kaondoka, na gari lake limeondoka naye. Alipika ugali wa ulezi ambao Kornel anaupenda, akakaa karibu naye, akamweleza habari za kanisani na za mteja aliyeleta kitambaa kisichotosha. Alikuwa amempata mumewe. Kornel alikula kidogo, akasema asante, akaenda kulala akiutazama ukuta.

Akalala hivyo siku hiyo na nyingine zilizofuata. Ndevu zikaota. Josefina akizungumza, alijibiwa kwa kichwa. Alikuwa amempata mtu yuleyule aliyetoka hospitali.

Alijaribu kuirekebisha mwenyewe. Kornel akiwa amelala mchana, alikaa mezani na simu yake, akatafuta video, akamwona kijana wa Kihindi anaongea haraka na kubofya haraka zaidi. Alibofya alipobofya kijana yule, na kwenye kompyuta yake hapakuwa na kitu kama kile. Aliogopa kuharibu kilichobaki. Hatimaye alikwenda steshenari. Walimwambia Faith amekwenda kwao Msanzi kusaidia mavuno.

Alifika Msanzi kabla ya saa sita mchana. Alimkuta Faith na mama yake, Rozina, wakipepeta ulezi uani, nywele za wote wawili zimefunikwa vumbi. Josefina alimwamkia mama, akapewa kigoda na maji ya kunywa, akaulizwa habari za Sumbawanga. Rozina alimtazama binti yake, akamtazama mgeni, akakumbuka ghafla kwamba ana kitu cha kuchukua kwa jirani.

"Shikamoo mama Evans," Faith alisema walipobaki wawili. Aliisema kwa heshima kamili, na Josefina akaona aibu.

"Marahaba. Gemu imekufa. Kioo cheusi, sauti inatoka."

"Alisasisha?"

"Alisasisha."

"Basi Waini mpya na ile kompyuta yenu ya zamani hawaelewani. Inarudishwa ya zamani kwenye ile chupa ya lori, basi." Faith alichukua ungo, akaupeperusha, makapi yakaruka. "Ila mimi siji. Nikija utanifukuza tena."

Josefina akauliza swali ambalo alikuwa amelibeba njia nzima. "Unampenda mume wangu?"

Faith alicheka, akaacha kucheka. "Mama Evans, baba Evans ni rika la baba yangu mdogo na ananuka dawa ya kuchua." Akaweka ungo chini. "Lakini nikisema sikuwa napenda kuja, nitakuwa nakudanganya. Dukani natoa fotokopi za vyeti vya watu kutwa nzima. Hakuna anayeniuliza chochote. Kwenu nilikuwa fundi. Ananiuliza kitu, namjibu, anasikiliza. Nilikuwa naisubiri Jumamosi tangu Jumatatu. Ni hilo tu. Kama hilo ni kosa, nisamehe."

Josefina angetamani kusikia kosa kubwa zaidi. Angetamani pia kusikia hakuna kitu kabisa. Alichopewa kilikuwa katikati, na kilimuuma kwa namna ambayo hakuwa amejiandaa nayo, kwa sababu alikielewa. Naye alikuwa anaisubiri kauli moja ya Kornel tangu Jumatatu mpaka Jumatatu.

"Nifundishe," alisema.

"Wewe?"

"Mimi. Nifundishe irudi."

Faith alileta laptop yake, akaifuta vumbi kwa kanga, wakaketi kwenye mkeka. Alimwonyesha ile programu inayotunza chupa, mahali pa kuchagua Waini ya zamani, mahali pa kutogusa kabisa. Kisha alifuta alichofanya na kumwambia, "Sasa wewe." Josefina alikosea. Faith alifuta. "Tena." Alikosea pengine. "Tena, mama Evans. Usiangalie mikono yangu, angalia kioo." Jua lilikuwa limeinama alipofanya mwanzo hadi mwisho bila kuulizwa. Faith alipiga makofi kama mwalimu wa awali, na Josefina, bila kutaka, alitabasamu.

Kesho yake alasiri, Kornel akiwa chumbani, alikaa mezani na kufanya alichofundishwa. Alikwenda taratibu kama siku ya kwanza aliyokata kitambaa cha mteja. Alibonyeza. Injini ikaunguruma. Kioo kikabaki cheusi kidogo, halafu barabara ikatokea, na mvua, na vifuta kioo vinakwenda huku na huku.

Magongo yaligonga sakafu haraka kutoka chumbani. Kornel alisimama mlangoni, ndevu zake zimemjaa, macho yake yamefunguka.

"Faith amekuja?"

Ilikuwa kama kofi. Josefina hakugeuka mara moja.

"Hajaja," alisema. "Ni mimi."

"Wewe umeitengeneza?"

"Mimi. Na mimi ndiye niliyemfukuza Faith. Nilimwambia asije na asipokee simu yako."

Kornel alikaa polepole kwenye kochi. Josefina aliona hasira inapanda shingoni mwake. "Kwa nini? Yule binti amekukosea nini?"

"Nilisikia ulichomwambia. Habari ya Abeli. Habari yako."

Lori lilikuwa limesimama kwenye mvua peke yake, injini inaunguruma. Kornel alifumba macho.

"Nilimwambia yeye kwa sababu siamki naye asubuhi," alisema. "Akinidharau, anaondoka na dharau yake, basi. Wewe ungeniangalia hivyo kila siku. Ningekuona unanipa chakula, na ningejua unawaza nini."

"Nani alikufulia nguo, Kornel?"

Alifumbua macho.

"Nguo ulizovaa siku ile. Nesi alinipa kwenye mfuko wa rambo, nikaja nazo nyumbani. Mama yako alikuwa anafika jioni ile. Nilizifua kabla hajafika, nikazifua tena, nikazianika nyuma ya nyumba asizione mtu. Ulidhani damu inafunika kila kitu? Nilijua tangu siku ya kwanza. Na chakula nimekupa kila siku."

Kornel alimtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona amekaa pale. Kisha akaegemea mbele, akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Josefina alihama kutoka kwenye kiti cha kompyuta akakaa kando yake. Hakusema pole. Faith alikwisha kuisema, na yeye hakutaka kurudia neno la Faith.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unajua?" Kornel aliuliza baadaye, sauti imekwaruza.

"Nilikuwa nakusubiri uniambie wewe."

Siku ile hakucheza gemu. Alinyoa ndevu, na giza lilipoingia alikaa naye jikoni, kwenye kigoda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa na miguu miwili. Alimweleza habari za Abeli, jinsi alivyokuwa anaimba vibaya, jinsi alivyopenda kulala miguu juu ya dashibodi. Mengine aliyoeleza Josefina alikuwa ameyasikia kupitia mlango. Aliyasikiliza yote.

Faith alirudi baada ya mavuno. Josefina mwenyewe alimpigia simu, na ilimgharimu asubuhi nzima ya kuizunguka ile simu kabla hajabonyeza. Alikuja Jumamosi, akasalimia, akaingia. Josefina aliacha cherehani barazani, akaingia naye.

"Mdogo wangu, sogea kidogo," alisema. "Leo kwenye kibodi nakaa mimi. Wewe nielekeze."

Faith alisogea. Kornel alicheka, akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Alimwambia Faith kitu kuhusu lori jipya, na Faith akajibu upesi, na kwa dakika kadhaa wawili wale walikwenda na maneno ambayo Josefina hakuyafahamu, ritada ya kusaidia breki na mengine. Kifua kikambana palepale, kama zamani. Hakuondoka kwenye kiti.

"Hiyo ritada ni nini?" aliuliza. "Nielezeni na mimi."